Kiti cha Safari

Neno letu "safari", tulilolipokea kutoka Kiarabu, limekuwa jina la kiti mashuhuri nchini Denmark. Alikibuni Kaare Klint mwaka 1933, naye ndiye mwalimu wa wengi waliokuja kuzipatia samani za nchi hiyo sifa duniani. Aliona picha ya kiti cha namna hiyo katika kitabu cha safari za Afrika cha Wamarekani Martin na Osa Johnson. Asili yake ni ya zamani zaidi: maofisa wa jeshi la Uingereza walikitumia India, kikaitwa kwa jina la mji wa Roorkee.

Viungo vya miguu ya kiti hicho havina msumari, gundi wala skurubu. Miguu minne hupokea vijiti vya mviringo vilivyochongwa vyembamba nchani. Sehemu ya kukalia na egemeo ni turubai, mikono ni mikanda ya ngozi. Uzito wa anayeketi ndio unaokaza viungo. Na kwa kuwa viungo hivyo vina ulegevu kidogo, miguu yote hugusa chini hata ardhi isipokuwa sawa. Wenzetu wa Masama, ambao nyua zao zimelala ubavuni mwa Kilimanjaro, hawahitaji kuelezwa faida hiyo. Nani kati yao hajawahi kutia kipande cha tofali chini ya kiti cha mgeni?

Tusikisifu kupita kiasi. Ni kiti kifupi, na mzee mwenye maumivu ya magoti ataketi kwa raha na kuinuka kwa taabu.

Hata hivyo, mguu ukivunjika hubadilishwa huo tu; turubai ikichanika hushonwa nyingine; familia ikihama, kiti hufunguliwa na kubebwa kwapani. Sofa ambazo vijana wetu huzikopea fedha, tena nyingine kwa riba, ili waonekane wamejiandaa kuoa, mara nyingi hazina hata moja ya sifa hizo. Tumeziona nyumba ambamo mahari imekwisha kulipwa zamani, fremu ya kochi imeachia, na kochi lenyewe bado linadaiwa.

Migrivea inayotia kivuli mikahawa yetu hutoa mbao za samani, na maseremala wapo. Kabla ya kutoa arubuni, mzazi au kijana na aulize: mguu huu ukivunjika, utatoka peke yake, au itabidi kubomoa kiti kizima?