Aliyeona Bwera Amwambie Nani?

Tangu usiku wa tarehe 16 Juni 2023, usalama wa wilaya yetu ya Kasese, magharibi mwa Uganda, hauzungumzwi bila mtu mmoja kusema kwamba dawa yake ni droni. Neno hilo tumelisikia redioni, msibani na sokoni Mpondwe. Hoja yenyewe inaeleweka. Waasi wa ADF waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, kilomita kama mbili tu kutoka mpaka wa Kongo, wakachoma bweni la wavulana, wakawakatakata wasichana kwa mapanga, wakaua watu 42, wanafunzi 37 miongoni mwao, kisha wakaondoka na watoto waliowateka kuelekea mbuga ya Virunga. Jeshi lingekuwa na jicho angani usiku ule, wanasema, lingewaona wakija. Mzazi aliyezika mwanawe ana haki ya kutaka kila chombo kinachoweza kununuliwa, na sisi hatuna la kumlaumu.

Hata hivyo toleo hili linamwomba mzazi huyo, na zaidi yake wale wanaoandika bajeti ya ulinzi, watazame upya kilichotokea. Mara baada ya shambulio, Meja Jenerali Dick Olum, ambaye wakati huo aliongoza majeshi ya Uganda katika Operesheni Shujaa ndani ya Kongo, aliwaambia waandishi wa habari kwamba zilikuwapo taarifa za waasi kuonekana maeneo ya mpakani kwa muda usiopungua siku mbili kabla ya usiku ule. Kauli hiyo ilipita haraka katika magazeti, ikafunikwa na picha za majeneza. Kwetu sisi ndiyo kiini cha jambo zima. Habari ilikuwapo na watoto wakafa. Anayetaka kununua macho mapya analo deni la kueleza macho ya mwanzo yalipoona, habari yake ilikwamia wapi.

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi wanakisifu bila kukijua. Droni anayoibeba askari wa miguu ni tofauti na zile ndege kubwa za makombora tunazoziona kwenye habari za Ukraina. Mwaka 2011 Marekani ilipotangaza msaada kwa majeshi ya Uganda na Burundi yaliyokuwa yakipambana na Al-Shabaab Mogadishu, ndani yake zilikuwamo droni nne aina ya Raven. Raven ina uzito wa kilo mbili hivi. Askari huirusha kwa mkono, akakimbia hatua chache na kuisukuma mbele, ikapaa. Inakaa angani saa moja au zaidi kidogo, na haiendi mbali na mrushaji zaidi ya kilomita kumi hivi. Kazi yake ni kumwonyesha kamanda wa kombania kilicho nyuma ya ukuta unaofuata au ng'ambo ya kilima, kabla hajapeleka vijana wake huko. Mogadishu, mji wa kuta na barabara zilizonyooka chini ya jua kali, kazi hiyo ina maana kubwa, na imewaokoa askari wengi duniani wasiingie mtegoni.

Bwera, mji wetu wa mpakani, si Mogadishu. Juu yake imesimama Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, na mawingu hushuka kutoka huko mchana na usiku bila kumwomba mtu ruhusa. Kamera ya kawaida haioni ndani ya wingu. Kamera ya joto, ile inayotambua mwili wa mtu gizani, inafanya kazi vizuri kwenye nyasi za tambarare ya mbuga ya Queen Elizabeth, lakini majani ya msitu yakishikana juu ya kichwa cha mtu, joto lake haliifikii. Upepo wa mabondeni huirusharusha ndege ya kilo mbili na kuimaliza betri mapema. Mtu yeyote aliyepanda mashamba ya kahawa ya Wakonzo, migomba juu na mibuni chini, anajua kuwa hata aliyesimama hatua thelathini hamwoni jirani yake akivuna.

Ugumu wa hali ya hewa unaweza kupungua kadiri mitambo inavyoboreshwa. Ugumu wa pili ni wa watu, na huo hauuzwi dukani. Mto Lhubiriha, unaozitenga Uganda na Kongo, unavukwa kila siku na watu wanaozungumza lugha moja. Mkonzo wa huku na Mnande wa kule ni ndugu. Wanaoana, wanazikana, wanauziana kahawa, vitenge, samaki na mafuta ya mawese. Mwenye karatasi anapita kwenye kituo cha Mpondwe, asiye nazo anapita njia ya panya, na siku ya soko hesabu ya wanaopita hairekodiki. Sasa mweke askari kijana mbele ya skrini, atazame watu sita wanaotembea kwa mstari saa kumi na moja alfajiri, wamebeba mizigo. Wanaweza kuwa wakulima. Wanaweza kuwa akina mama wawahio soko la Kasindi, upande wa Kongo. Wanaweza kuwa wauaji. Kutoka juu wote ni alama sita nyeupe zinazosogea. Mwenye kujua tofauti ni mama anayepalilia pembeni ya njia, ambaye anawafahamu wote wanaopita hapo na ameona kwamba hawa hawakumsalimia.

Kongo imekwisha kutupa somo hili, na limelipiwa kwa damu. Tarehe 3 Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulizindua Goma ndege zake za kwanza za upelelezi zisizo na rubani, aina ya Falco kutoka Italia. Waasi wa M23 walikuwa wamekwisha kushindwa mwezi mmoja nyuma, bila ndege hizo, mbele ya jeshi la Kongo na brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Falco zilifanya mema, na ni haki kuyataja: Mei 2014 mojawapo iliona boti imezama Ziwa Kivu, walinda amani wakaenda na kuwaokoa watu majini. Lakini miezi mitano baadaye, Oktoba 2014, yalianza mauaji ya raia katika eneo la Beni, kwa mapanga na mashoka, kitongoji baada ya kitongoji. Ndege zilikuwa na karibu mwaka mzima za kazi nchini humo. Mauaji hayo hayajakoma hadi leo, na wauaji wake ndio haohao waliokuja Lhubiriha.

Tusiwe na haraka, hata hivyo, ya kusema kwamba ndege ni bure. Watanzania wanakumbuka tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, kwenye barabara ya Mbau hadi Kamango, ilipovamiwa na askari wao 15 wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Dmitry Titov ulitaja kasoro za amri na uongozi, mafunzo yasiyotosha, na ukosefu wa ndege, wahandisi na upelelezi. Mambo hayo yote yalitajwa pamoja, na yanapaswa kusomwa pamoja. Askari walikosa msaada wa angani, ndiyo. Walikosa pia mpango wa kuwasaidia pale watakapozidiwa. Anayechukua nusu ya kwanza ya matokeo hayo na kwenda nayo kwa muuza mitambo, akaiacha nusu ya pili kwenye kabati, anawakosea wale vijana kumi na watano.

Turudi kwa yule mama anayepalilia. Amewaona watu sita wageni. Afanye nini? Kwa utaratibu ulioandikwa, atamwambia mwenyekiti wa kijiji (LC1), naye atampelekea ofisa wa usalama wa gombolola (GISO), naye yule wa wilaya (DISO), naye ofisi ya mwakilishi wa rais wilayani, na mahali fulani katikati ya ngazi hizo jeshi litasikia. Njiani kila mmoja atajiuliza kama habari ni ya kweli, na kama akiipeleka na ikawa uongo atachekwa au ataadhibiwa. Mama mwenyewe ana maswali mazito zaidi. Jina lake litabaki siri? Akisema amewaona, hataulizwa aliwajuaje? Hofu hiyo si ya kubuni. Ina tarehe zake.

Tarehe 26 na 27 Novemba 2016, polisi na jeshi walivamia Buhikira, ikulu ya ufalme wa Rwenzururu mjini Kasese. Watu zaidi ya mia moja waliuawa, Mfalme Charles Wesley Mumbere akakamatwa pamoja na wafuasi wake wengi, na kesi yao ikaning'inia kwa miaka. Iliondolewa mahakamani Juni 2023, mwezi uleule wa Lhubiriha. Kwa vifo vya Buhikira hakuna kamanda aliyefikishwa mbele ya hakimu. Watu wanaotakiwa kulipelekea jeshi habari za mpakani ni wajane wa Buhikira, watoto wao na majirani zao. Serikali inaweza kuamini kwamba mambo haya mawili hayahusiani. Sisi tunaoishi nayo tunajua yanahusiana, na tunasema kwamba kufungua upya uchunguzi wa Buhikira ni hatua ya ulinzi wa mpaka, tena yenye faida kuliko kundi zima la ndege.

Ndiyo maana tunataka masharti yatangulie mitambo. Droni ikiruka Bwera, picha zake zimfikie kamanda aliye Bwera dakika hiyohiyo, badala ya kwenda kwanza kwenye makao makuu ya divisheni Fort Portal au Kampala na kurudi zikiwa zimepoa. Kamanda huyo awe na simu inayopokelewa usiku, ambayo mwenyekiti wa kijiji anaijua na anaweza kuipiga bila kupita ofisi nne. Kila shule ya bweni iliyo karibu na mto iwe kwenye orodha ya kwanza ya mahali pa kutazamwa na pa kufikiwa kwa doria ya miguu, kwa kuwa ndege ikimwona muuaji, bado ni lazima awepo mtu wa karibu wa kumzuia.

Sharti jingine linahusu sisi tunaotazamwa. Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi, lakini inaacha mlango wazi pale panapotajwa usalama wa taifa, na kwa wilaya kama yetu mlango huo ni mpana kama lango la kiwanda. Kamera inayoweza kufuatilia waasi Virunga inaweza kufuatilia mkutano wa chama cha upinzani, mazishi, au sherehe ya mfalme. Tunataka iandikwe, kwa lugha inayosomeka, ni nani anayeruhusu ndege kuruka juu ya makazi, picha zinatunzwa muda gani, na ni nani nje ya jeshi mwenye mamlaka ya kuzikagua. Tunataka pia iandikwe kwamba ndege ya kutazama haitageuzwa kimyakimya kuwa ndege ya kupiga. Ethiopia imeonyesha umbali wa hatua hiyo ulivyo mfupi: Januari 2022 shambulio la droni liliua watu zaidi ya hamsini katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit, Tigray.

Kuna kazi nyingine ambazo droni zingefanya hapa kesho bila ugomvi wowote. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020 ulipoiharibu hospitali ya Kilembe, watu walihitaji kujua maji na mawe yamefika wapi huko juu kabla hayajawashukia. Picha za angani za mabonde hayo, zikitolewa kwa wilaya, zingekuwa za wote. Tena zingewazoesha watu kuiona ndege ya serikali ikipita bila kutafuta pa kujificha.

Makala zinazofuata zimeandikwa na watu wa pande zote mbili za Lhubiriha, na wengine wao hawakubaliani nasi. Wamo wanaotaka droni sasa hivi, bila sharti lolote, na tumewachapisha bila kuwakata. Kwa Kamati ya Ulinzi ya Bunge tuna ombi moja. Kabla ya kupitisha fedha za mitambo ya upelelezi katika bajeti ijayo, ifanye kikao kimoja Bwera, hadharani, siku ya soko. Iwaulize maofisa wa jeshi na wa wilaya, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja alipata lini habari za wale waasi, na alimpigia nani.