Daftari la Shule ni Lako Pia

Umejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Sasa unasoma kadi ya kliniki ya mtoto wako. Kwenye soko la tumbaku unatazama mizani na kuandika kilo zako mwenyewe. Barua ikija, huitafutii msomaji. Hayo ni maendeleo makubwa.

Lakini ninakuuliza swali moja. Je, kisomo chako kinaisaidia nini shule ya kijiji chako?

Maoni yangu ni haya. Mtu aliyejua kusoma ukubwani anafaa sana kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Asingoje kubembelezwa. Ajitokeze na agombee.

KAMATI YA SHULE NI NINI?

Shule ya msingi ya serikali ina kamati ya shule. Shule ya sekondari ina bodi. Vyombo hivi vimewekwa na Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978. Katika kamati wamo wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao. Walimu nao wana mwakilishi. Mwalimu mkuu ndiye katibu.

Watu wengi hudhani kazi ya kamati ni kuhimiza matofali tu. Mawazo hayo yana historia yake. Mwaka 1977 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi kwa watoto wote. Vijiji vingi vilijenga madarasa kwa mikono yao. Kamati ziliwahimiza watu, na kazi ilikuwa njema.

Mwaka 2001 kazi ya kamati iliongezeka. Ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Ada ya shule ya msingi ilifutwa. Watoto walifurika shuleni. Nchi nzima, wanafunzi waliongezeka kutoka karibu milioni 5 mwaka 2001 hadi karibu milioni 6 mwaka 2002. Fedha za ruzuku zilianza kupelekwa shuleni. Kamati zilipewa kazi ya kupanga na kusimamia matumizi yake.

Mwezi Januari 2016 ulianza utaratibu wa elimu bila ada. Mwaka huo ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Shilingi 6,000 zilitengwa kwa ajili ya shule yenyewe. Shilingi 4,000 zilitengwa kwa vitabu.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme shule ina wanafunzi 400.

6,000 × 400 = 2,400,000

Fedha hizo ni za mwaka mzima. Ni za chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na mengine. Kwa kazi zote hizo, ni fedha kidogo. Kwa hiyo kila shilingi ina thamani. Zikipotea shilingi 400,000 tu, sehemu moja ya sita ya mwaka imekwenda. Mtoto atakayekosa karatasi ya mtihani ni wako.

TUSIWE WAPAGAZI KATIKA SHULE YETU

Kigwa iko kwenye njia ya zamani ya misafara. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikaenda Tabora na Ujiji. Richard Burton alipita mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871. Wote wawili waliandika vitabu juu ya safari zao, na jina la Kigwa limo.

Mizigo ya misafara ilibebwa na wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja uliweza kufika frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Wapagazi hawakuwa wajinga. Walidai posho yao. Wasipoipata waliweza kuweka mizigo chini. Lakini daftari la mali lilikaa kwa mwenye msafara. Mpagazi alijua uzito wa mzigo kwa bega lake. Thamani yake iliandikwa na mwingine.

Sasa mtazame mzazi wa leo. Anachota maji na kubeba mchanga kwa ajili ya darasa jipya. Ukimwuliza mifuko mingapi ya saruji ilinunuliwa, hajui. Mingapi imetumika, hajui. Huyo bado ni mpagazi, na darasa ni la mtoto wake.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mimi naongeza: daftari bila msomaji ni sawa na kutokuwa na daftari.

WENGINE WANASEMAJE?

Wako wanaosema, "Tuchague mwenye duka au mtumishi aliyestaafu. Hao ndio wasomi." Si vibaya kuwachagua, wakiwa na moyo wa kazi. Lakini tusiwachague kwa jina tu. Mjumbe asiyefika mkutanoni hana faida, hata akiwa na vyeti vingi. Tena, mtu aliyezoea kusoma mara nyingi hupitisha macho haraka. Wewe uliyejifunza ukubwani unasoma neno kwa neno. Unapokagua stakabadhi, jambo hilo ni sifa.

Wako wanaosema, "Walimu watanicheka." Mwalimu mwema hamcheki mzazi anayeuliza. Daftari safi linamlinda na yeye. Maneno ya mtaani yakianza kwamba fedha zimeliwa, ni hesabu iliyoandikwa itakayomwokoa.

Wako wanaosema, "Msimu wa tumbaku hauna nafasi." Hilo ni kweli, na sitakudanganya. Kazi ya kamati haina mshahara. Itakula siku zako. Utanuniwa na jirani ambaye mtoto wake ni mtoro, ukimwuliza kwa nini anachunga ng'ombe siku ya masomo. Pima mambo hayo kabla ya kugombea. Lakini pima pia hasara ya kuwaachia wengine wasioona uchungu.

Na akina mama? Wagombee. Mama ndiye anayejua mtoto ameondoka nyumbani bila uji. Anajua binti anakosa masomo siku gani na kwa nini. Kamati ya wanaume peke yao haiyasikii mambo hayo.

UGOMBEE NAMNA GANI?

Wajumbe wa upande wa wazazi huchaguliwa katika mkutano wa wazazi. Hudhuria mkutano huo. Kabla ya siku hiyo, zungumza na wenzako na uwaambie nia yako. Mwombe mmoja akutaje. Ukipewa nafasi ya kusema, sema kwa ufupi: jina lako, una watoto wangapi shuleni, na jambo moja utakalolisimamia. Usiahidi kujenga madarasa matano. Usiwanunulie watu pombe. Mtu aliyenunua kura atatafuta pa kurudishia fedha zake.

UKICHAGULIWA, FANYA HAYA

Kwanza, nunua daftari lako mwenyewe. Andika tarehe ya kila mkutano na mambo yaliyokubaliwa.

Pili, usitie sahihi kwenye karatasi usiyoisoma. Ukiambiwa "tia sahihi hapa, tumechelewa," jibu kwa adabu, "Mwalimu, naomba nisome kwanza." Ukikutana na neno gumu, uliza maana yake. Si aibu. Sahihi yako ni ushahidi kwamba umeona na umekubali.

Tatu, linganisha stakabadhi na vitu. Stakabadhi ikisema mifuko 20 ya saruji, nenda stoo uhesabu. Ikisema bati 30, hesabu bati.

Nne, omba taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ubaoni, wazazi wote waisome. Wakiuliza, wajibu.

Tano, fuatilia watoto, maana shule si fedha tu. Uliza ni wangapi wameandikishwa na ni wangapi wamefika leo. Wasiofika wako wapi? Kama binti aliacha shule kwa sababu ya ujauzito, waambie wazazi wake kwamba tangu mwezi Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi shuleni baada ya kujifungua.

Sita, usiingilie kazi ya darasani. Kufundisha ni kazi ya mwalimu. Usimgombeze mbele ya wanafunzi. Mambo yasipokwenda sawa, yalete kwenye kikao. Yakishindikana hapo, yapelekwe kwa serikali ya kijiji na kwa afisa elimu kata. Uende na daftari lako. Maneno matupu hubishaniwa, lakini tarehe na hesabu zina nguvu.

Ndugu msomaji, darasa la kisomo halikufunguliwa ili ujue kuandika jina lako tu. Lilifunguliwa ili usiamuliwe mambo yako bila kuyajua. Shule ya watoto wako ni moja ya mambo hayo. Uchaguzi wa kamati ukitangazwa, usikae nyuma chini ya mti ukisikiliza. Jitokeze.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Nani ni wajumbe wa kamati ya shule yenu? Mara ya mwisho walisoma taarifa kwa wazazi lini?

2. Shule ina wanafunzi 350. Ikipata shilingi 6,000 kwa kila mmoja, itapata shilingi ngapi?

3. Je, unakubaliana na mwandishi kwamba aliyejifunza kusoma ukubwani anafaa kuwa mjumbe? Toa sababu zako.