Spika Kubwa, Waya Mwembamba

Yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Keroka na Sotik atakubaliana nami kuwa magari ya kwetu husikika kabla hayajaonekana. Si matatu pekee. Hata malori yanayobeba ndizi kutoka Nyamira kwenda Nairobi hutanguliwa na mlio mzito unaotikisa vioo vya maduka. Dereva huzing'oa spika ndogo zilizotoka na gari kiwandani, akatia kubwa mahali pake, kisha akaongeza amplifaya chini ya kiti.

Sina ugomvi na muziki. Sisi Abagusii tuliupenda mlio mzito kabla betri haijafika kwetu. Obokano, kinanda chetu chenye nyuzi nane, hunguruma kifuani mwa msikilizaji bila msaada wa umeme. Tena dereva anayekesha barabarani ana haki ya kuliwazwa. Hoja yangu inahusu kile ambacho mwenye gari haoni na wala haulizii, yaani waya.

Miezi kadhaa iliyopita, kijana niliyemfundisha fizikia, ambaye sasa ni dereva wa lori, alinisimulia kisa kilichoninyima usingizi. Alikuwa akikaribia Keroka usiku, mzigo wa ndizi nyuma, utingo wake amelala ubavuni. Akanusa harufu ya plastiki inayoungua. Akadhani ni breki. Mara moshi ukachomoza chini ya kiti alicholalia utingo. Alisimamisha gari, akamwamsha mwenzake kwa kelele, akakimbilia spana na kuitenga betri. Walipomulika kwa tochi, waliona waya wa amplifaya umevuliwa gamba lake lote, na zulia limeanza kufuka.

Nilimwuliza, "Fyuzi ilikuwa wapi?"

"Haikuwapo, mwalimu."

"Na waya ulikuwa wa kiasi gani?"

"Fundi alitumia uliokuwapo." Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kwani, mwalimu, spika zinahusiana vipi na yale ya ubaoni?"

Ndugu msomaji, kijana huyu hakuwa mzembe darasani. Kanuni ya Georg Ohm ya mwaka 1827 aliijua kwa moyo. Ile ya James Joule ya mwaka 1841, kwamba mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili joto katika waya huongezeka mara nne, aliikokotoa katika mitihani na kupata alama nzuri. Kilichomkosa ni daraja la kumvusha kutoka ubaoni hadi chini ya kile kiti.

Hebu tulijenge. Amplifaya inayovuta wati 600 kutoka betri ya volti 12 huhitaji mkondo wa ampea 50. Chukua mita 5 za waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule mafundi wautumiao kwa taa za nyumbani. Ukinzani wake unakaribia omu 0.06. Ni kidogo mno, utasema. Lakini ampea 50 zikipita humo, takriban volti 3 kati ya 12 hupotea njiani, na joto la wati zaidi ya 140 huzaliwa ndani ya waya wenyewe. Hilo ni joto la pasi kadhaa za kulehemia redio, limefichwa chini ya zulia. Tumia waya wa milimita mraba 16, na joto hilo hushuka hadi chini ya wati 14, likiwa limesambaa katika urefu wote. Muziki nao husafika, kwa kuwa amplifaya inapata umeme wake kamili. Kwa hivyo anayelipia spika na kubania waya hapati usalama wala muziki.

Fyuzi nayo hatujaielewa. Wengi hudhani kazi yake ni kuilinda redio. La hasha! Kazi yake kuu ni kuulinda waya, na ndiyo maana yapasa kukaa karibu kabisa na betri. Waya ukichunika pale unapopenya bati la gari bila kizibo cha mpira, ukagusa chuma, hakuna kitakachouzuia moto ila fyuzi hiyo. Anayeondoa fyuzi iliyokatika na kuviringa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

Kwa malori lipo kosa la tatu. Mengi hutumia volti 24 kutoka betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo. Amplifaya ya volti 12 hupachikwa kwenye betri moja tu kati ya hizo. Betri hiyo huchoka kila siku huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Kifaa cha kuteremsha volti 24 hadi 12 kipo madukani. Mwenye gari hulaumu betri, naye fundi hulaumu barabara.

Na faida yenyewe ni ipi? Kuongeza nguvu mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti ionekane maradufu, nguvu yapasa kuongezwa karibu mara kumi. Wakati huohuo sikio linalipa. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Sheria yetu ya kudhibiti kelele tunayo tangu mwaka 2009.

Wapo watakaosema lawama ni ya fundi wa jua kali. Mimi sikubali. Fundi yule ana mikono yenye akili kuliko vitabu vyangu vingi. Huujua waya unaochemka kwa kuugusa. Ila maarifa yaliyoandikwa kuhusu joto hilo tumeyafungia katika Kiingereza cha darasani, ilhali yeye hufanya kazi kwa Ekegusii na Kiswahili. Mwanafunzi wangu mwenyewe hakuwa na maneno ya kumwambia, "Fundi, ukinzani wa waya huu hautuachi salama." Na maneno hayo yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Sisi tumeiacha ilale.

Walimu wenzangu wa Kisii na Nyamira, sidai mtaala mpya. Nadai alasiri moja katika muhula. Wapeleke wanafunzi kwenye kibanda cha fundi aliye karibu na shule, wapime mkondo na waguse waya wenye joto na usio na joto. Au mwalike fundi darasani, aketi kama mgeni wa heshima, aeleze kazi yake kwa lugha yake, kisha wanafunzi wamwonyeshe hesabu yake kwa Kiswahili. Nina hakika kila upande utatoka umejifunza.

Nanyi wanafunzi, mkipanda gari la mjomba na kuona spika mpya, msisifu mlio kwanza. Mwulizeni kwa adabu: waya ni wa kiasi gani, na fyuzi iko wapi? Mimi sikumfundisha mwanafunzi wangu kuuliza hivyo. Utingo wake aliamka salama usiku ule, nami namshukuru Mungu. Lakini alama nzuri nilizompa dereva wake sizionei fahari tena.