NANI ALIYETESEKA KUIJENGA BUKAVU?

Ndugu wafanyakazi wa migodi, ndugu wenyeji wa Kadutu, Bagira na Ibanda,

Kuna hadithi moja tuliyolishwa tangu shuleni: ati wakoloni wa kwanza waliteseka mno. Walilala ndani ya hema, wakaugua malaria, wakapasua njia porini. Basi nchi ni haki yao.

Tuwatazame kwanza Waingereza kule Amerika. Mwaka 1607 watu 104 walianzisha Jamestown, Virginia, wakitumwa na kampani ya biashara. Walitaka dhahabu, kulima nchi ile hawakujua. Walikula mahindi ya Wapowhatan: mengine walipewa, mengine walinunua, mengine walinyang'anya. Urafiki ulipokufa, baridi ya 1609 na 1610 iliwakuta ghala tupu. Katika mamia ya watu wakabaki karibu 60. Je, waliopona walishukuru? Walipanda tumbaku, wakatwaa mashamba ya wenyeji, na mwaka 1619 wakanunua Waafrika waliotekwa Angola.

Njaa yao ilikuwa ya kweli. Lakini njaa haimpi mgeni hati ya shamba la yule aliyemlisha!

Sasa turudi Kivu. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema nchi isiyo na mtu ni mali ya Leta. Mwaka 1928 ikaundwa CNKi, iwagawie wakoloni ardhi. Nchi isiyo na mtu? Bushi ilijaa migomba, maharagi, mtama na malisho ya ng'ombe! Mji wetu ukabandikwa jina la mkubwa wa Kibelgiji, Costermansville. Mkoloni akauza kahawa, chai na kwinini. Aliyelima ni Mushi. MGL ikauza dhahabu ya Kamituga. Aliyeshuka shimoni ni baba yako. Wakati wa vita, mwaka 1942, kazi za lazima vijijini zilipandishwa toka siku 60 mpaka 120 kwa mwaka. Nani basi aliyeteseka?

Tarehe 30 Juni 1960 bendera yao ilishuka. Hati za migodi hazikushuka pamoja nayo. MGL ikaingia ndani ya SOMINKI mwaka 1976. Mwaka 1997 migodi ikapita mikononi mwa wengine, na wazee wa kazi wakadai malipo yao ya mwisho miaka na miaka. Kila kampani inakuja na wimbo ule ule: tumetia mali, tumeona taabu, mchimbaji ahame.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkoloni aligeuza methali: alikaa yeye, jembe akatupa sisi.

Tunadai mambo mawili. Deni la wazee wa migodi lilipwe. Hati yoyote ya ardhi isomwe hadharani, mbele ya wenye mashamba, kabla haijatiwa sahihi.

Ndugu, asiyeuliza hati ya shamba lake atalima la mwenzake. Ulizeni!