SKRINI IKIWA NYEUSI MSISINGIZIE LINUX!

Jamani, kuna mastaa wa teknolojia humu mitandaoni, majina tunayahifadhi. Skrini ikizima tu, "Linux mbovu!" Acheni hizo bana! Draiva za kadi za picha za Intel na AMD zimo ndani ya keneli, yaani moyo wa Linux, na zinasasishwa nayo. Nvidia walifungia ya kwao miaka na miaka: keneli inabadilika, draiva inabaki nyuma, wewe unatazama giza. 2012 kule Finland, Linus Torvalds aliwaonyesha kidole cha kati hadharani. Moduli za keneli wakaja kuzifungua 2022, miaka kumi baadaye! Mtu ananunua laptop bila kuuliza kadi, kisha anatukana Linux. Lawama apelekewe aliyefunga mlango. Au nadanganya? Tiririka hapo chini!