MAJI KATIKA BOMBA SI KOSA LA FUNDI

Ndugu wafanya kazi,

Katika karakana yetu hapa Changamwe fundi mwenzetu amekatwa mshahara kwa sababu spana ya upepo iliganda mkononi mwake. Ameambiwa ni uzembe. Tuliifungua spana ile mbele ya msimamizi: ndani mna kutu na maji. Je, maji hayo yalitoka mfukoni mwa fundi?

Sisi tuushikao upepo kila siku twajua yatokako. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Hewa ya joto la nyuzi 30 haiwezi kubeba maji zaidi ya gramu 30 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Tuseme leo ina gramu 20. Kompresa huchukua mita 8 za hewa hiyo, zenye gramu 160, huzishindilia ziwe mita 1. Ikisha kupoa hubaki na gramu 30 tu. Zile 130 huwa maji tangini na mabombani.

Dawa yake si siri. Bomba kuu lilazwe kwa mteremko, na penye mwisho wa mteremko pawe na koki ya kutolea maji. Matawi yatokee juu ya bomba, si chini. Tangi litolewe maji kila zamu. Upepo upozwe na kukaushwa kabla ya kufika kwenye vifaa. Kwetu matawi yametokea chini, na koki ya tangi imeziba. Tumeripoti kwa mdomo na kwa barua. Twajibiwa fedha hakuna. Lakini fedha ya spana mpya imepatikana, tena mfukoni mwetu! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Wala si spana tu. Upepo uo huo ndio tunaojaribia breki za mabehewa. Maji yakileta kutu katika vali, breki yaweza kukataa njiani. Siku hiyo atalaumiwa nani?

Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu mtu kukatwa mshahara kwa kitu kilichoharibika ila ameharibu kwa kusudi. Basi twataka matatu: mwenzetu arudishiwe fedha yake; koki na mabomba yatengenezwe; pawe na daftari la kutoa maji, litiwe sahihi kila zamu na fundi pamoja na msimamizi.

Nasi, koki ikisha tengenezwa, tusione uvivu kuifungua. Anayedai haki na atimize wajibu.

Umoja ni nguvu.