Simiyu miguu ipo, kinachokosekana ni timu

BARIADI. Asubuhi ya siku ya soko, barabara inayotoka Nyakabindi kuingia mjini Bariadi hujaa baiskeli. Moja imebeba magunia ya mkaa, nyingine madumu ya maziwa, nyingine anaendesha mama mwenye mtoto mgongoni. Wapo pia vijana wa daladala, wale wanaobeba abiria kwenye kerea kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama. Anayetafuta vipaji vya mbio za baiskeli nchini hana haja ya kwenda mbali, vinapita hapo hapo.

Lakini kupiga pedali kutwa nzima ni jambo moja na kushinda mashindano ni jambo jingine. Pengo lililopo kati ya hayo mawili ndilo ambalo Simiyu, na Kanda ya Ziwa kwa jumla, haijaliziba.

Somo la karibu kabisa lilitolewa Kigali, Rwanda, Septemba 21 hadi 28, 2025, yalipofanyika mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza yafanyike Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima. Walianza zaidi ya 150, wakamaliza 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia akachukua ubingwa.

Aliyeshika nafasi ya pili, Remco Evenepoel wa Ubelgiji, alibadilisha baiskeli mara mbili njiani. Mara mbili! Kwa mwendeshaji wa kwetu, baiskeli ikimsumbua mara moja tu siku yake imeisha. Anaisukuma mpaka kwenye kivuli, anasubiri gari la kubeba waliokwama. Evenepoel alikuwa na gari nyuma lenye fundi na baiskeli za akiba, na wenzake kwenye msafara. Miguu ilikuwa yake, lakini ile medali ilikuwa kazi ya watu wengi.

Rwanda nayo ilianzia kwenye kerea

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu wenye pesa. Basi tuitazame Rwanda yenyewe.

Miaka ya 2000 Rwanda haikuwa na jina katika mchezo huu. Ilikuwa na barabara, vilima na vijana wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli kama hawa wa Bariadi. Abraham Ruhumuriza, aliyeshinda mbio za kuzunguka nchi hiyo mara tano, alikuwa akibeba abiria. Kisha akaja Mmarekani Jonathan Boyer, aliyewahi kushiriki Tour de France mwaka 1981, akasaidia kuunda timu. Vijana wakawekwa pamoja, wakapimwa, wakafundishwa kula, kulala na kuendesha kwa kundi.

Matokeo hayakuja kwa siku moja. Mbio za Rwanda ziliingia kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009, na Mnyarwanda wa kwanza kuzishinda tangu hapo, Valens Ndayisenga, alipatikana mwaka 2014. Adrien Niyonshuti alikuwa ameshafika Olimpiki ya London mwaka 2012. Kutoka timu ile ya mwanzo mpaka kuandaa mashindano ya dunia ilichukua chini ya miaka 20.

Rwanda haikugundua miguu mipya. Ilichukua iliyokuwepo ikaipangia kazi.

Barabara ipo, visingizio vimepungua

Zamani Simiyu ilikuwa na sababu nzuri ya kubaki nyuma. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaostawisha pamba, ukilowa hushika gurudumu mpaka baiskeli haizunguki. Mazoezi ya kasi kwenye njia za namna hiyo yalikuwa ndoto.

Leo lami inatoka Mwigumbi mkoani Shinyanga, inapita Maswa na Bariadi, inatokea Lamadi kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Mwigumbi hadi Maswa ni kama kilomita 50, Maswa hadi Bariadi karibu 50 nyingine, na Bariadi hadi Lamadi takriban 72. Mwendeshaji wa Bariadi akienda Maswa na kurudi ameshapata kilomita 100. Akienda Lamadi na kurudi ana 144. Ni vipimo ambavyo kocha yeyote angevifurahia.

Barabara hiyo ina tabia zake, na anayeifanyia mazoezi lazima azijue. Haina milima mirefu ya kuwachuja watu, kwa hiyo kundi hubaki pamoja muda mrefu na mchujo hufanywa na upepo. Sehemu kubwa ni uwazi wa mashamba na malisho. Upepo ukipiga kutoka ubavuni, asiyejua kujipanga na wenzake anaachwa hata kama ana mapafu ya farasi.

Kujifunza kula upepo kwa zamu

Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa karibu theluthi moja ya nguvu ukilinganisha na anayekula upepo mbele. Hii ndiyo siri ya kwanza ya mchezo, na ndiyo inayopuuzwa zaidi kwenye mashindano ya mikoani.

Chukua vijana wanne wanaopokezana mbele dakika moja moja. Ndani ya saa nzima kila mmoja amekula upepo dakika 15 tu. Anayekimbia peke yake amekula dakika zote 60. Baada ya saa nne, wa peke yake hana kitu, na wale wanne ndo kwanza wanaanza kuangaliana nani apigwe jeki mwishoni.

Kijana wa daladala ana uvumilivu ambao mtu wa mazoezi ya jioni hawezi kuununua. Amezoea kusukuma mzigo kwa mwendo wa polepole kutwa nzima. Asichokuwa nacho ni mambo matatu: kuzungusha pedali kwa haraka bila kukata pumzi, kukaa nusu mita nyuma ya gurudumu la mwenzake bila kuogopa, na kufyatuka ghafla kisha kurudi kwenye mwendo. Hayo hayaji kwa kubeba abiria. Yanahitaji wiki nane au zaidi za mazoezi, na lazima yafanyike kwa kundi.

Mpango wenyewe si mgumu. Siku moja ya safari ndefu kwa wiki, siku mbili fupi za kasi, siku moja ya kupokezana upepo, na siku za kupumzika zinazoheshimiwa. Wiki ya mwisho mazoezi yanapunguzwa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: hofu inawaingia, wanapiga kilomita 120 siku mbili kabla ya mbio, wanafika kwenye mstari wa kuanzia wakiwa wamekwisha.

Michembe ina kazi yake

Akiba ya nguvu iliyomo mwilini hutosha mbio kali za saa moja na nusu hadi mbili. Baada ya hapo mwendeshaji asipokula miguu inazima kama taa iliyoisha mafuta. Kipimo kinachotumika sana kwenye mchezo huu ni gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ina karibu gramu 25, hivyo ndizi mbili na kinywaji cha sukari zinafikisha hesabu.

Asiyeweza kununua vyakula vya dukani vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamichezo hana sababu ya kulia. Usukumani kuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa. Ni wanga mtupu, haviozi, vinakaa mfukoni na havimwagiki. Michembe, inayoanikwa mibichi, ni migumu kutafuna ukiwa unahema, lakini ikipikwa usiku wa kuamkia mbio inajaza akiba vizuri.

Kuhusu kunywa, jua la Simiyu linadai nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kinywaji kile kile ambacho kila mama anakijua kwa mtoto anayeharisha, kinafanya kazi ile ile barabarani. La muhimu ni kukijaribu kwenye mazoezi, maana tumbo halipendi kushangazwa siku ya mashindano.

Baiskeli ya kuazima haimfikishi mtu

Phoenix ya chuma ina uzito wa karibu kilo 20. Baiskeli za mashindano ya dunia zinaruhusiwa kushuka hadi kilo 6.8. Katikati ya hapo kuna baiskeli za mtumba ambazo wengi wa Kanda ya Ziwa wanazitumia, na si vibaya. Ubaya ni kupanda baiskeli usiyoizoea. Kijana anaazima baiskeli ya gia siku mbili kabla, kiti kiko juu mno, gia hazijui. Kilomita ya 60 magoti yanauma.

Fundi anapaswa kuwa sehemu ya timu kama kipa alivyo sehemu ya timu ya mpira. Cheni isiyolegea, breki zinazoshika, tairi lisilo na nyufa. Miiba ya migunga iko kila mahali, hivyo kila mwendeshaji awe na tyubu ya akiba na pampu, na awe ameshajipima kubadilisha gurudumu kwa saa. Dakika tano za pancha zinaweza kurudishwa na wenzake watatu wanaomsubiri. Bila wenzake, hazirudi.

Na kofia ngumu si pambo. Barabara hiyo hiyo ya mazoezi ina mabasi na malori ya pamba. Afrika Mashariki haijasahau kifo cha Sule Kangangi, nahodha wa Timu Amani ya Kenya, aliyeanguka akiwa kwenye mashindano huko Marekani Agosti 2022. Alikuwa mzoefu kuliko wengi. Mchezo huu hauna msamaha.

Zawadi ndiyo inayovunja timu

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mashindano ya mikoani kwa kawaida hutoa pesa kwa mtu mmoja mmoja: wa kwanza kiasi hiki, wa pili kile. Kwa kijana anayetegemea kipato cha siku, kumvutia mwenzake upepo kwa kilomita 30 ili mwenzake huyo achukue pesa ni ujinga. Na kwa hesabu hiyo yuko sahihi.

Timu za kulipwa zilishalitatua hili kwa desturi ya kugawana zawadi. Tuseme zawadi ya kwanza ni Sh1 milioni na timu ina watu sita. Wakikubaliana kabla ya mbio kwamba mshindi anabaki na Sh400,000 na wale watano wanapata Sh120,000 kila mmoja, aliyekula upepo naye anarudi nyumbani na kitu. Makubaliano hayo yaandikwe, na yashuhudiwe na mtu anayeheshimika. Bila hivyo, urafiki wa mazoezini huishia kilomita kumi kabla ya mwisho.

Hili si geni kwa Wasukuma. Wagika na Wagalu hawaingii uwanjani kushindana ngoma kila mtu na lwake. Wanafanya mazoezi kwa kundi, wanaficha mbinu zao mpaka siku yenyewe, na sifa ni ya kambi nzima. Bagobogobo wanaorusha majembe hewani hawawezi kufanya hivyo bila kuaminiana. Tamasha la Simiyu Jambo, lililowahi kuweka baiskeli na ngoma kwenye sherehe moja mjini Bariadi, lilionyesha mambo hayo mawili yakikaa pamoja. Waendesha baiskeli walikuwa na shule yao pale pale.

Kalenda ifuate pamba

Jambo la mwisho ni la waandaaji. Mashindano mengi hutegemea mdhamini: akipatikana yapo, asipopatikana hayapo. Mbio za Mwanza zilizodhaminiwa na Vodacom zilivuta watu kwa miaka kadhaa, zikajenga majina. Lakini mwendeshaji hawezi kujiandaa wiki nane kwa ajili ya mbio zinazotangazwa zikiwa zimebaki wiki mbili.

Simiyu ina saa yake ya asili. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, palizi inafuata, na mavuno na mauzo huja kuanzia Mei na kuendelea. Katikati ya mwaka barabara ni kavu, kazi shambani imepungua na mfukoni kuna kitu cha kununulia tairi. Mbio moja yenye tarehe isiyobadilika, Agosti kila mwaka, ingewafaa vijana kuliko tatu za kushtukiza. Mikoa na chama cha baiskeli, CHABATA, wanaweza kuipanga hiyo hata kabla mdhamini hajapatikana, na kuiwekea zawadi ya timu kando ya ile ya mtu binafsi.

Wanawake nao wasisahaulike. Usukumani mwanamke kuendesha baiskeli hakumshangazi mtu, tofauti na sehemu nyingi za nchi. Ila kwenye mbio za Mwanza wanaume walipewa karibu kilomita 200 na wanawake chini ya nusu ya hapo. Kigali wanawake walikimbia kilomita 164.6. Na Kimberly Le Court wa Mauritius, Mwafrika, alishinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake mwaka 2025. Anayepangiwa mbio fupi hujiandaa kwa mbio fupi.

Kigali haiko mbali na Bariadi. Vijana wa huko walianza na kerea na abiria, kama hawa wanaopita Nyakabindi kila asubuhi. Walipoacha kukimbia kila mtu peke yake, dunia ikaja kwao. Simiyu inaweza kuanza na watu sita, fundi mmoja na karatasi ya makubaliano ya zawadi.